Mkono Usioshikwa

Mawese ninayojipaka mikononi jioni hizi yana harufu ileile ya mama. Chini ya ngozi yake mafuta ya mwili yalijikusanya mafundo mafundo, magumu kama kokwa za mchikichi, na yalimuuma mno hata sisi wanawe hatukuthubutu kumkumbatia.

Tulipovuka ziwa tukikimbia vita, tulishukia Kibirizi. Pale ufukweni mwanamke mmoja muuza dagaa alikuwa akitugawia wakimbizi ugali. Alipomfikia mama, akampita.

"Wewe mnene hivi, mama, njaa umeipatia wapi? Waachie wenye shida."

Watu wakacheka. Mama hakuinama. Alipandisha mkono wa blauzi, akashika kiganja cha yule mwanamke na kukiweka juu ya mafundo yale.

"Bonyeza, dada. Usiogope."

Akabonyeza. Machozi yalimtoka mama, lakini sauti haikutetemeka. "Hii si shibe, ni maradhi. Njaa ninayo kama hawa."

"Unisamehe, dada yangu," alisema yule mwanamke, akajaza bakuli letu mpaka ugali ukapita ukingo.

Ndugu zangu walilikimbilia. Mimi nilibaki nimesimama, nimemnunia mtu baki yule aliyeruhusiwa kumshika mama.