Mate ya Lemali

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukungu wa Meru umefunika madirisha ya bweni letu, nilisikia kilio kabla sijaona uso wa mtu. Nilidhani analia mwenzangu. Kumbe nilikuwa mimi. Barua ilikuwa mkononi: vita vya kusini vilimchukua baba, na njaa iliyofuata ikamchukua mama.

Mimi mtoto wa kusini nililelewa Arusha na mjomba mfanyabiashara, akaniweka shule ya Wajerumani. Tulichanganyika humo: Waarusha, Wameru, Wachaga, na sisi Waislamu wachache. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wasingesema hivyo kama wangeliona bweni letu mwaka ule. Wako waliofiwa kusini, na wako ambao ndugu zao walikwenda huko na jeshi la Mjerumani. Tulilala mkeka kwa mkeka, tukitazamana kwa pembe ya jicho.

Lemali, Mwarusha niliyekaa naye benchi moja, kaka yake alilibebea jeshi mizigo. Asubuhi ile alinijia mbele ya wote, akatema mate viganjani, akanipaka kichwani.

Nilimpiga ngumi ya mdomo.

“Mmeona?” nikapiga kelele. “Kaka yake kawasaidia kutuua, naye ananitemea mate!”

“Sefu, sikia...”

“Nisikie nini? Kamtemee ng'ombe wako!”

Wa upande wangu wakacheka. Wa upande wake wakashika fimbo. Kufikia mchana kila kundi lilikuwa na chungu chake cha uji. Mwalimu mkuu, Mjerumani mwenye haraka, aliniuliza swali moja tu: “Alikutemea?” Nikajibu, “Ndiyo, bwana.” Akaamuru Lemali aondoke shuleni kesho yake. Na Lemali, mwanangu, ndiye alikuwa wa kwanza kusoma katika ukoo wao.

Alasiri nilikwenda jikoni, nikamkuta bibi wa Kiarusha aliyetuletea maziwa.

“Shikamoo, koko,” nilimwamkia, kama wao wanavyowaita bibi zao.

Hakuitikia. “Ni wewe uliyempasua mtoto mdomo?”

“Alinitemea mate, koko.”

“Mate!” Akacheka bila furaha. “Nilipoolewa, wazee walinitemea mate. Nilipozaa, wakamtemea mtoto. Kwetu kinywa kikavu hakibariki. Adui hatumpi mate, tunamnyima! Yule alikuwa anakuombea upoe moyo, wewe ukamtoa damu.”

Nilikulia Arusha hiyohiyo. Nilijua kuhesabu kwa Kijerumani mpaka mia, lakini sikujua jirani yangu anabariki vipi. Sikuwahi kuuliza.

Nilikimbia kwa mwalimu mkuu. “Bwana, alikuwa ananibariki. Mwenye kosa ni mimi.”

“Amri imekwisha kuandikwa,” alijibu, wala hakuinua macho.

Basi nikarudi bwenini nikawaeleza wote, wangu na wa kwake. Mchaga mmoja akabeba chungu cha kwao, akakitua karibu na chetu.

“Uji wenu una sukari?”

“Hauna.”

“Hata wetu. Basi tuteseke pamoja.”

Tukacheka huku tunalia. Tangu siku hiyo chungu kilikuwa kimoja.

Pokea nasaha sasa, mwanangu, maana nikifika mwisho wa habari hii sauti hunikauka. Msiba ukiipiga nchi, kila mtu huwa kidonda, na kidonda hukiona kila kiganja kuwa ni kofi. Mwenzako akikufanyia jambo usilolielewa, muulize, “Kwenu hii ina maana gani?” Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi: mimi nilisema neno moja la kweli, “ndiyo”, likamfukuza mtu asiye na hatia. Kaa na wasiosali kama wewe, ule nao, ujifunze wanavyolia na wanavyofariji. Mungu akupe masikio mapana na mkono usio mwepesi wa kupiga. Akuweke pamoja na wenzako, msitawanywe na machozi yenu.

Lemali alikunja blanketi lake alfajiri iliyofuata. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Nilimwomba radhi.

“Pole kwa baba na mama yako, Sefu,” alisema taratibu. “Leo nimeisema kwa Kiswahili.”

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.