Vidonge vya Dumuzi

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na usinicheke. Nilikuwa mama kijana kule Mlali, kichwa kigumu kama chako. Dumuzi walikuwa wanatafuna mahindi yetu mpaka unga unamwagika chini. Nikaenda kununua vidonge vya sumu vya kutia kwenye magunia. Muuza duka, yule wa kuongea kwa pua, akaniambia, "Nghm, mama, weka stoo ya nje, siyo mnakolala, nghm!" Nikamjibu kwa pua vilevile. Duka zima likacheka.

Stoo ya nje si wezi wangeimaliza? Magunia nikayaacha chumba cha pili. Nikatia vidonge, nikafunika turubai, nikafunga mlango, nikajiona fundi. Chumba cha kwanza binti yangu mchanga kalala usingizi wa mchana. Na ule ukuta wa katikati, mwanangu, haukufika kwenye bati.

Nikaenda kuchota maji. Kurudi tu, mlangoni nasikia harufu ya kitunguu saumu. Nikasema, nani anapika pilau leo? Halafu nikaitupa ndoo. Hakuna aliyenunua kitunguu saumu; ile ilikuwa hewa ya vidonge.

Nilimkuta binti yangu katapika, shingo imelegea. Namwita, haitiki. Nikatoka naye nje nampepea kwa khanga.

Akaja mama mkwe na ile sauti yake ya debe tupu: "We mwanamke! Ulidhani hiyo sumu umeifungia kama mbuzi? Ukikaanga dagaa, harufu inabaki kwenye kikaango? Na hiyo inatoka kwenye gunia, inapita juu ya ukuta, inachanganyika na hewa mpaka kila kona iko sawa. Ulipoweka sumu na ulipomlaza mtoto, ni pamoja!"

Siku hiyo sikumwigiza mtu. Tulimkimbiza zahanati, nikakaa siku tatu namtazama kifua, kinapanda, kinashuka, naogopa hata kupepesa macho.

Huyo mtoto ni mama yako. Asingeamka, nani leo angekuwa ananibishia hapa?

Sasa nimekuona na kichupa cha vidonge hivyo hivyo, unaelekea chumbani. "Bibi, nitafunga vizuriii!" Weee! Kitoe. Mahindi peleka stoo ya nje, ufunge, asilale mtu karibu, na usiingie mpaka bwana shamba akuruhusu. Gunia likiibwa tutalima tena. Mimi ule mlango bado naufungua ndotoni.

Haya, Mungu akujaze pumzi, mwanangu, uzeeke mpaka wajukuu wakuigize sauti.