Kasuku Wawili Katika Nyumba Isiyo na Moto

Kasuku wale wadogo waliingia nyumbani kwangu kabla sijawa na chungu changu mwenyewe, na hapo ndipo vurugu yote ilipoanzia. Nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Nina mume, nina nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, nina kitanda na sanduku la nguo, lakini moto sina. Katika boma la mume wangu, juu huko kwenye vilima vya Masisi, upande wa Burungu, desturi ilikuwa moja: mke mgeni hupika kwa mama mkwe wake mpaka azae. Siku akizaa, mama mkwe humletea mafiga, yaani mawe matatu ya kutelekea chungu, akayapanga kwa mikono yake mwenyewe. Kuanzia hapo mwanamke ana jiko lake, na neno lake pia.

Mimi nilizaliwa Bweremana, kando ya ziwa, ambako mtu anaweza kukaa nje na kanga moja mpaka achoke. Kule mlimani ukungu uliingia ndani bila kubisha hodi na kukaa mpaka saa nne za asubuhi. Nililala na magauni mawili, na bado meno yaligongana. Kila kulipokucha nilikimbilia jikoni kwa mama mkwe kuota moto, naye aliniangalia tumboni kwanza ndipo aitikie salamu.

Alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mlima ule walipita mikononi mwake, na nadhani tumbo langu lililonyamaza lilimwudhi kama kazi iliyomshinda. Hakunitukana hata siku moja. Angenitukana ningefurahi, maana kujibu nilijua tangu utoto. Yeye alinyamaza, akapakua maharage, akanipa sahani yangu. Nilikula chakula chake mwaka mzima kama mgeni, nikiona uchungu.

Mume wangu alikuwa seremala kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto. Mke wa mzungu huyo alipokuwa anarudi kwao Ulaya asirejee tena, aligawa vitu vya nyumba kwa wafanyakazi. Nilikuwa nimemwomba mume wangu blanketi. Nilimwomba kwa upole, halafu nikamwomba kwa ukali. Akarudi jioni amelowa chapachapa, koti lake halimo mwilini. Alikuwa amelifunikia kizimba cha waya, na ndani ya kizimba walikuwamo ndege wawili.

"Iko bwana na bibi," alisema, huku maji yakimtiririka puani. "Huyu ya kijani, pua yake ya buluu, njo bwana. Huyu mwingine, pua yake ya kahawia, njo bibi. Wazungu banabaita perushi."

"Na banafanya nini?"

"Banaimba."

"Na blanketi?"

Aliwatazama ndege kana kwamba wao ndio watakaojibu. Nilimnyima maneno siku mbili nzima.

Siku ya tatu nilishindwa. Dume lilikuwa la kijani kibichi, na jike la rangi ya mbingu ya kiangazi, na lile dume lilikuwa halifungi mdomo. Lilimsogelea mke wake kwenye kijiti, likaitikiaitikia kwa kichwa, likapiga porojo ndefu, mwishowe likamlisha mdomoni. Jike lilipokea chakula, kisha likamdonoa mguuni asogee. Nilicheka peke yangu ndani ya nyumba ile, na nilipojisikia nikashtuka, kwa sababu sikuwa nimecheka humo tangu harusi.

Mama mkwe hakucheka. Aliona kwamba ndege wanakula ulezi, nafaka yake ya uji. "Ulezi ya batu njo munalisha ndege? Ndege inajitafutia mu pori!" Basi nikawa naokota punje zilizoruka alipokuwa anapepeta, moja moja, nikiwa nimechuchumaa mbele yake ili aone vizuri. Niliwapa pia majani mororo ya shambani, na maganda ya mayai ya kuku niliyoyachoma na kuyasaga. Usiku niliwafunika kwa gauni langu moja kati ya yale mawili. Nilitaka wazae, na sikujidanganya juu ya sababu. Nilitaka kitu chochote kizae katika nyumba ile, hata kama si mimi.

Lakini hatukujua wanazalia wapi. Mimi, kwa akili yangu ya kuku, niliwawekea kikapu kidogo chenye majani makavu. Jike lilikitafuna kikapu kwa siku nne mpaka kikabaki ukingo. Mume wangu akasema hawa ni ndege wa mitini, akasuka tundu la nyasi la mviringo kama la mnana, akalitundika kwa ustadi wa seremala. Walilipanda juu wakabembea. Dume lilionekana kumshukuru sana kwa bembea ile.

Aliyetutoa gizani ni baba mkwe. Mzee huyu alikuwa mfuga nyuki, na mizinga yake ya magogo ilining'inia katika miti yote ya bonde. Alipenda kuja kukaa mbele ya kizimba na kiko chake. Alilitazama jike linavyoguguna nguzo ya mlango kila nikilitoa linyooshe mabawa, akatikisa kichwa.

"Mutoto ya ziwa," aliniambia, "huyu hatake kitanda. Anataka muzinga. Anatafuta shimo ya mu muti."

Siku iliyofuata alileta mzinga mdogo kuliko yote aliyopata kuchonga, urefu wa mkono tu, na mlango wa kuingilia wa ukubwa wa yai, na kifuniko nyuma cha kuchungulia. Tuliufunga kando ya kizimba nje, pale barazani penye jua. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba mume wangu, fundi mwenyewe, aliupapasa kwa wivu. Asubuhi ya pili nikasikia mlio ambao haukuwa wa kasuku. Mzee, kwa mazoea ya miaka arobaini, alikuwa ameupaka mzinga nta ndani, kama anavyofanya siku zote ili kuwaita nyuki. Nao wakaitika. Kundi zima lilikuwa limejaa mlangoni likinguruma, na ndege wangu wamejibana pembeni wakipiga kelele za kuomba msaada.

Nilivuta kizimba, nikaumwa mara tatu shingoni, nikamwita baba mkwe kwa majina ambayo mke wa mtu hapaswi kumwita baba wa mume wake. Alikuja mbio na moshi. Alipoona kilichotokea alikaa chini akacheka mpaka kiko kikamdondoka, na mimi, shingo imevimba, nikacheka naye. Nyuki walibaki na mzinga ule, naye akautundika mtini pamoja na mingine. Wa pili aliuchonga bila nta, na kwa siku nzima alijisema mwenyewe kwa sauti: "Bila nta. Bila nta, mwanaume."

Tulipoufunga, jike liliingia ndani siku ile ile, likatoa vipande vya mbao nje kwa hasira, likafagia. Kwa vile mvua zilikuwa zimeanza, tulihamisha kizimba na mzinga wake ndani ya nyumba.

Wiki ya pili, asubuhi ya ukungu mzito, nililikuta jike chini ya kizimba. Limejivimbisha manyoya kama mpira, macho nusu yamefungwa, mkia ukipanda na kushuka. Dume lilikuwa kimya kwa mara ya kwanza. Nililichukua katika viganja vyangu, lilikuwa baridi, na viganja vyangu vilikuwa baridi zaidi. Mume wangu alikuwa kazini. Hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa pale pale ninapokimbilia kila asubuhi.

Mama mkwe aliniona mlangoni nalia, akadhani ni mume wangu ameumia. Nilipofungua mikono alikunja uso. Nikajua atasema neno juu ya ulezi. Badala yake alifuta mikono, akalipokea lile jike, akalipapasa tumboni kwa ncha ya kidole kimoja, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi yake.

"Iko na yai," alisema taratibu. "Inakatala kutoka. Baridi njo imemufunga."

Alikaa karibu na moto, akapasha matone ya mafuta ya mawese, yale mazuri yanayotoka Walikale, akalipaka jike chini ya mkia kwa unyoya. Kisha akalifunga katika kitambaa chake, akaliweka kifuani ndani ya gauni, akaketi. Aliniamuru nikae na nisipumue kwa nguvu. Alifanya ishara ya msalaba, akaanza kusema na ndege kwa sauti ya chini, maneno yale yale, naamini, aliyowaambia wanawake wa mlima wote: polepole mama, polepole, tuko pamoja. Nilisikiliza. Nilitaka siku moja aniambie mimi.

Baadaye alitumbukiza mkono kifuani akautoa. Yai dogo jeupe, kama ukucha wa kidole gumba, lilikuwa katika kiganja chake. Jike lilitoa kichwa kwenye shingo ya gauni lake na kumdonoa kidevuni. Mama mkwe akapiga kigelegele peke yake jikoni, mpaka baba mkwe akatokea na panga akiuliza nani amezaa.

Yeye mwenyewe alilirudisha jike nyumbani kwangu. Nadhani hakuwa ameingia chumbani mwangu tangu siku ya harusi. Aliweka kiganja ukutani. Aligusa kitanda.

"Kila siku iko hivi?" aliuliza.

"Kila siku, Mama."

Akaondoka. Kesho yake asubuhi alikuja na kigae cha chungu kilichojaa makaa mekundu, akakiweka mbali kidogo na mzinga, karibu na mlango.

"Iko ya ndege," alisema. "Haiko ya kupika."

Nilitabasamu, na ndani nikachemka. Ndege walikuwa wamepewa moto kabla yangu! Alileta makaa kila siku, wiki baada ya wiki, huku jike likitaga siku moja na kuruka moja mpaka mayai yakawa matano. Aliweka sikio kwenye gogo na kusikiliza, akaniuliza mama amekula nini, baba analisha vizuri ao hapana. Baba analisha, nilimwambia. Dume lilisimama kwenye tundu mchana kutwa kupeleka chakula ndani kama mhudumu wa harusi. Siku moja, wakati wa mvua, nilichoma hindi moja juu ya makaa yale. Moja tu. Mama mkwe akaingia, harufu imejaa nyumba nzima, na mimi nimesimama mbele ya kigae nikijifanya natazama paa. Alinyoosha mkono nyuma yangu, akalitwaa hindi, akalivunja katikati. Tulikula, kila mtu nusu yake, wala hatukutazamana.

Kisha asubuhi moja mzinga ulitoa sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Tulifungua kifuniko sote wanne, vichwa vimegongana. Mle ndani palikuwa na kitu kimoja chekundu, kipara, kimefumba macho, kichwa kizito kuliko mwili wake.

"Inafanana na weye," mama mkwe alimwambia mumewe.

Tuliangua kicheko hata jike likatufokea. Siku moja baada ya nyingine walianguliwa wengine, wote watano. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilimsimamisha kila mpita njia nikamvuta mkono aje aone.

Asubuhi baada ya kinda wa mwisho, nilimsubiri mama mkwe na makaa yake. Alichelewa. Nilipotoka nilimwona anapanda kwenye kijia, ameinama, kamba ya mzigo imemkaza kwenye paji la uso na kikapu kizito mgongoni. Nilikimbia kumpokea akanikataza kwa mkono. Aliingia, akakishusha, akatoa mawe matatu ya kijivu ya mtoni, yaliyooshwa, moja baada ya jingine. Alipiga magoti akayapanga sakafuni, akayatikisa, akayapanga tena.

Tumbo langu lilikuwa bapa kama jana, na yeye alijua kuliko mtu yeyote.

"Mama," nilisema, "miye siyazaa."

"Najua." Alikuwa anachukua makaa kwenye kile kigae cha ndege na kuyaweka katikati ya mawe. Hakuinua uso. "Nilikuacha mu baridi mwaka muzima, halafu kila asubui nakuuliza yai iko wapi."

Kisha akainama kupuliza. Nilipiga magoti upande wa pili, nikapuliza nami, moshi ukatuingia machoni sote wawili, na hatukuhitaji kueleza machozi yale ni ya nini. Dume lilianza porojo zake kizimbani. Mchana ule nilipika maharage yangu ya kwanza katika nyumba yangu, na kwa haraka na furaha niliyaunguza chini. Alikula sahani mbili.