Siku Bwawa Lilipotiwa Sumu

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi, bado napanga meza yangu sokoni Ifakara. Alisema niende na mabeseni yote niliyo nayo na nibebe chumvi. Nilipomuuliza kuna nini, akajibu kwamba samaki wapo, nifanye haraka jua lisije likawaharibu.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Maji ya Mto Kilombero yalikuwa yamerudi kwenye mkondo wake, na kule mbugani yamebaki mabwawa tu, mengine makubwa kama uwanja wa mpira, mengine unavuka bila kulowa magoti. Mimi na mwanamke mwenzangu niliyeshirikiana naye meza tulikuwa tumekaa karibu wiki mbili tukiuza dagaa wa kuletwa kutoka mbali, kwa sababu mtoni hapakuwa pakitoka kitu. Kwa hiyo niliposikia kwamba samaki wapo, sikutaka kujua zaidi. Nilimwachia mwenzangu meza, nikaita bodaboda.

Kaka amenizidi miaka tisa. Baba yetu alikuwa mvuvi, akafariki nikiwa darasa la tatu, na kuanzia hapo kaka ndiye aliyetulisha mimi na mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka mgono, ule mtego wa fito ambao samaki akiingia hatoki, na kuutega panapopita maji. Alinifundisha pia kuacha. Bwawa tulilolizoea lilikuwa na kona moja yenye kina kirefu, na kaka hakuruhusu mtu atege pale kiangazi. Alikuwa akisema wale ndio mbegu. Masika mto ukifurika, samaki wa kona ile wanatawanyika mbuga nzima kuzaliana, na wakiisha wao hakuna cha kungoja.

Tulipita Kibaoni, tukapita Idete, tukaingia njia ya katikati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe wa watu wakila mabua. Bwawani nilimkuta kaka na wanaume wawili nisiowafahamu, pikipiki yao imelazwa kwenye nyasi. Walikuwa wakikokota chandarua majini. Na samaki walikuwa wamejaa juu ya maji, matumbo meupe yametazama mbinguni, bwawa zima, mpaka ile kona.

Nasema kweli, kwanza nilifurahi. Nilichagua perege wakubwa nikajaza beseni moja, nikamwambia dereva wa bodaboda alikimbize sokoni kwa mwenzangu, tuwahi wateja wa mchana. Yeye akaondoka, mimi nikakaa chini na kisu kuwapasua kambale wa kubanika.

Mtu aliyewahi kupasua samaki kiangazi anajua kwamba mkono mmoja unapasua na mwingine unafukuza nzi. Nilikuwa nimefika kambale wa sita au wa saba nilipogundua kwamba sijafukuza nzi hata mmoja. Niliangalia utumbo niliokuwa nimeutupa pembeni. Hakuna nzi. Kando ya maji nyangenyange mmoja, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe, alikuwa akijaribu kutembea, anaanguka, anainuka, anaanguka tena huku bawa moja limelala kwenye matope. Nikanusa mikono yangu. Chini ya shombo palikuwa na harufu niliyoijua, harufu ya dawa tunayopulizia nyanya.

Nilimfuata kaka pale alipokuwa amesimama, maji yakimfika mapajani.

“Kaka, mmeweka nini humu?”

“Pasua samaki, mdogo wangu.”

“Nimekuuliza mmeweka nini.”

Hakunitazama. Alisema ni kidogo tu, bwawa ni kubwa, na watu wanavua hivyo siku hizi huko kote na hakuna aliyekufa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanirudia nikiwa naosha meza: “Hao unaouza kila siku, unadhani wote wametoka kwenye nyavu?”

Ndipo nikakumbuka lile beseni. Nilishika simu, haikuwa na mtandao. Mahali pa karibu pa kupata mtandao ni kwenye mwinuko wa njia ya Idete, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilivua kanga niliyojifunga kiunoni, nikaanza kuondoka. Mmoja wa wale wanaume akatoka majini akasimama mbele yangu kwenye kijia, akaniuliza naenda wapi na kazi haijaisha. Alikuwa ameshika panga la kukatia matete. Hakuliinua, lakini pia hakuliweka chini. Nilimjibu kwamba chumvi imeniishia. Aliangalia mfuko wa chumvi uliokuwa umejaa pale kwenye mabeseni yangu, akaniangalia mimi.

“Mwache apite,” kaka akasema. “Ni dada yangu.”

Nilipita. Nilitembea mpaka waliponipotea machoni, halafu nikakimbia.

Mwenzangu hakupokea simu ya kwanza wala ya pili. Ya tatu akapokea, nikasikia kelele za soko. Akaniambia kwa furaha kwamba perege wamefika wazuri na karibu nusu yao wameshaondoka. Nilikaribia kumdanganya kwamba wameoza. Nilimwambia, “Wafunike. Usiuze hata mmoja. Wametiwa sumu.” Bila kuuliza zaidi, akaanza kunihesabia aliowauzia: wanawake watatu wa Kibaoni, wote anawafahamu majumbani kwao, na mama lishe wa nyuma ya stendi. Tukakubaliana yeye awafuate wale watatu, mimi niende kwa mama lishe.

Mama lishe huyo hakuwa na simu siku hiyo, ilikuwa kwa fundi. Niliposhuka kwenye bodaboda nyingine, kila mtu akinishangaa kwa matope na jasho, sufuria lake lilikuwa linachemka na watu wanne wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Nilimwambia asipakue. Aliniuliza kwa sababu gani. Nikamwambia mbele ya wateja wake, maana hapakuwa na muda wa kumvuta pembeni. Alikasirika, akasema ninamharibia biashara, akataka nitoke. Kisha akashika ukingo wa meza. Aliniambia taratibu kwamba yeye ameshakula kipande, asubuhi hakupata chai.

Ndani ya muda mfupi mate yalikuwa yanamtoka kama ya mtoto anayeota meno, na jasho limemlowesha gauni. Wawili kati ya wale wateja wakanisaidia kumbeba mpaka kwenye bajaji. Njiani alitapika mapajani kwangu. Nilikuwa nikimwita na yeye ananijibu, kisha akawa hajibu.

Hospitalini nesi alimpokea haraka, na swali lake la kwanza likawa ni sumu gani. Nikasema ni dawa ya wadudu. Akasema dawa za wadudu ni nyingi na hazitibiwi namna moja, wao wataanza na wanachoweza lakini anahitaji jina lililoandikwa kwenye chupa. Nilimpigia kaka nikijua kabisa hapatikani.

Ilibaki njia moja. Mwenyekiti wetu wa kitongoji ni mzee aliyemzika baba, na nyumba yake iko karibu na ule mwinuko wenye mtandao, si mbali na lile bwawa. Nilisimama koridoni na simu mkononi. Nilijua kwamba nikishamwambia, neno halitarudi. Kutia sumu kwenye maji ni kosa la jela, na kila mtu bondeni anajua. Nikasikia mama lishe anakoroma kwa namna mbaya nyuma ya pazia. Nikapiga.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?”

Nikamweleza: bwawa, dawa, mama lishe, chupa inayotakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nilichokuwa nakiogopa.

“Bwawani yuko nani?”

“Watu wawili nisiowajua,” nikasema. “Na kaka.”

Alivuta pumzi, akasema anakwenda na mgambo, nisizime simu.

Yaliyotokea kule niliambiwa baadaye. Wale wawili walisikia watu wanakuja, wakawasha pikipiki wakatoweka, na mpaka leo hakuna aliyewaona. Kaka hakukimbia. Walimkuta amekaa karibu na mabeseni yangu. Mwenyekiti alipomwambia kwamba kuna mtu anakufa Ifakara na daktari anataka jina la dawa, kaka aliinuka akaenda mwenyewe chini ya matete, akafukua kwa mikono, akaitoa chupa. Kisha wakapanda wote kwenye mwinuko.

Simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya mwenyekiti lakini sauti ya kaka. Hakunisalimu. Alisema jina limefifia kwa maji, atalisoma herufi moja moja. Nilimshikisha nesi simu. Yeye aliandika kwenye kiganja chake, akirudia kila herufi kwa sauti, nami niliisikia sauti ya kaka kwa mbali, polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Alipomaliza alisoma na yale maandishi madogo ya chini, bila kuulizwa. Nesi akashukuru, akakimbia.

Mama lishe alipona. Alilala wodini siku kadhaa, nami nilikuwa nampelekea uji. Mwenzangu aliwawahi wale wanawake wote watatu. Mmoja alikuwa ameshamtupia paka kichwa, na paka alikufa uani, watoto wakimwangalia.

Kaka alifungwa. Mahakamani hakukana kitu. Mama hakusema nami kwa muda mrefu. Siku aliyosema, aliniambia ningeweza kumtajia nesi jina la dawa bila kumtaja mwanawe. Nilimweleza kwamba jina la dawa sikuwa nalo. Akasema anajua, ila moyo wake haujui.

Wanakijiji walichimba shimo wakazika samaki wa lile bwawa. Nilikwenda kusaidia, sikuacha haya inizuie. Tulizika kambale na perege, na vifaranga wengi wasiofika urefu wa kidole. Tulizika nyangenyange na wadiria, wale ndege wavuvi. Tukamkuta kenge amefia kwenye mizizi, na fisi maji wawili, wale wanyama wa mtoni wanaoishi kwa samaki, mmoja amekumbatia samaki kifuani. Wazee waliokuwa pale walisema hawajawahi kumwona fisi maji kwa karibu vile akiwa hai.

Kaka alipotoka nilikwenda kumpokea peke yangu, maana mama alikuwa anaumwa miguu. Alikuwa amekonda. Tulikaa kivulini tukingoja gari, na bila mimi kumuuliza akaniambia kwamba mwezi ule wote kabla ya siku ile alikuwa ametega migono na kutegua migono bila kitu. Ng'ombe walikuwa wamekanyaga kingo za bwawa, mifereji ya mashamba imevuta maji, na wenye vyandarua wameshapita kabla yake. Wale wawili walipomfuata, walimwambia wasipolivua wao bwawa lile watalivua wengine wiki hiyo hiyo.

“Niliona afadhali niwe mimi,” akasema. “Kumbe ndivyo kila mtu anavyosema.”

Nilimwuliza kama ananichukia kwa ile simu. Akasema gerezani kuna siku alinichukia na kuna siku hakunichukia, na kwamba akihesabu vizuri siku za pili ni nyingi zaidi. Nililipokea hilo, kwa sababu kaka si mtu wa kusema maneno ya kufurahisha.

Sasa analima mpunga Idete na havui. Mimi bado nina meza sokoni. Nanunua kwa wavuvi ninaowajua, naangalia jicho la samaki na shavu lake, na naangalia kama nzi wanamtaka. Siku nyingine nakaa na meza tupu, wenzangu wamejaza. Nasikia habari za bwawa jingine, upande wa Mngeta, na jingine tena, na kila nikisikia nauliza samaki wake wameuzwa wapi.

Masika ya kwanza baada ya yale, mto ulifurika ukalijaza bwawa letu. Perege walirudi, na kambale pia, maana kambale hashindwi. Ngogo hajarudi. Huyo ni samaki mdogo mwenye miiba, ukimshika mkononi analia, na sisi tulipokuwa watoto tulikuwa tukimshika makusudi tumsikie. Masika yamepita kadhaa na hakuna aliyemtoa bwawani mle. Binti yangu yuko darasa la pili. Nilimwambia kuna samaki anayelia, akacheka, akadhani namtania.