Bega la Kulia la Rhodri

Mikono ya Glenys Probert ilikuwa imemenya viazi vya watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa minene, yenye makovu ya mafuta ya moto, na ukiitazama usingedhani kwamba ingeweza kupaka rangi jicho lililo dogo kuliko punje ya ufuta, nyeupe kwanza, kisha mboni, kisha kimstari cha ukope juu yake. Lakini iliweza. Siri, alivyopenda kusema mwenyewe, ni kubana pumzi na kutomfikiria mtu yeyote aliyekuudhi.

Jumamosi ile ya maonyesho, katika ukumbi wa kanisa mjini Cwm Hesgin, asingeweza kupaka rangi hata ndoo.

Aliyemuudhi alikuwa ameinama mbele yake na tochi ndogo mkononi. Jina lake Clive Maddocks, mwenyekiti wa chama cha watengeneza sanamu ndogo, bingwa wa askari wa kale wa farasi na mapanga. Mkono wake wa pili alikuwa ameuficha mgongoni, maana ndiyo sheria ya meza ile: unainama, unatazama, na kazi ya mwenzako huigusi. Hata watoto hupita pale mikono nyuma kama wafungwa.

"Rangi sina neno, Bi Probert," alisema. "Huo uso mimi mwenyewe siuwezi. Ila umemgeuza askari wako. Bunduki iko bega la kulia, saa mkono wa kushoto. Kwenye picha ni kinyume chake."

"Huyo askari ni mwanangu."

"Najua, mama. Na picha ni ya mwanao. Ndiyo maana nashangaa."

Akatoa mfukoni kijitabu cha chama na kukifungua pale pale ambapo karatasi ilikwisha kulegea kwa kufunguliwa. Picha ni ile: Rhodri Probert, miaka kumi na miwili nyuma, amejibanza kwenye ukuta wa udongo huko jangwani Afghanistan, bunduki begani, vumbi hadi kwenye kope. Wanachama wengine wote walikuwa wametengeneza sanamu kutoka picha ile. Na wote walikuwa wameweka bunduki bega la kushoto.

Picha ilikuwa imegeuzwa. Glenys alilijua hilo tangu kijitabu kilipotoka. Mtu fulani wakati wa kupanga kurasa aliona askari anatazama nje ya kitabu, akaona haipendezi, akamgeuza atazame ndani. Glenys alimwambia Clive mwaka ule. Akamwambia tena mwaka uliofuata. Clive alikuwa akimjibu kwa upole, ule upole wa kumnyamazisha mtu.

Mwaka huu neno lilikuwa zito zaidi. Saa kumi jioni Anwen wa maktaba angekuja kuchukua sanamu moja, iwekwe kwenye kabati la kioo mlangoni mwa maktaba, pamoja na majina ya vijana wa mji waliokwenda vitani. Ingekaa pale moja kwa moja. Na mwenye kuchagua alikuwa mwenyekiti. Na mwenyekiti, kwa bahati iliyoje, alikuwa ametengeneza yake, kutoka picha hiyohiyo.

"Si ulituambia mwenyewe kwamba Rhodri ni mtu wa mashoto?" Clive aliuliza.

"Ni mtu wa mashoto."

"Basi."

"Basi nini? Kijiko anashika kushoto, kalamu kushoto, ngumi anapiga kushoto. Bunduki ile haifyatuliwi kushoto. Inatema maganda ya risasi kwa kulia, yakiwa ya moto. Ukiiweka bega la kushoto yanakuingia mdomoni."

Aliyasema haya taratibu, na wanaomjua walijua kwamba Glenys akisema taratibu ni heri angepiga kelele. Alikuwa anakumbuka majira ya baridi kabla Rhodri hajaondoka. Walimu wake jeshini walimpa likizo ya wiki tatu na onyo: mkono wa kulia au urudi kwenu. Kijana alikuwa akishika fagio jikoni, asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya kula, anaweka mpini bega la kulia, unateleza, anauweka tena. Alivunja sahani sita na lile buli la bibi yake. Alilia siku moja, akasingizia vitunguu, na vitunguu siku hiyo havikuwepo. Bega lile alilipata kwa tabu. Sasa mtu asiyewahi kushika hata manati anamrudishia la kushoto.

"Muulize mwenyewe," Glenys alisema. "Yule pale."

Rhodri alikuwa amesimama kwenye meza ya chai akila mkate wa zabibu. Siku hizi alikuwa akiendesha lori la kumwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na hakupenda kutazamwa. Watu walipogeuka wote, akameza haraka.

"Mama, achana nayo."

"Rhodri, mwambie bega lipi."

"La kulia, Bwana Maddocks. Lakini sitaki makuu. Wekeni mnayotaka."

Clive akatabasamu kwa huruma. "Kijana wangu, miaka kumi na miwili ni mingi. Kichwa kinasahau. Picha haisahau."

Hapo hasira zilimpanda Glenys. Alifungua sanduku lake la brashi akatoa kioo cha mkononi, kile anachotumia kukagua uso anaoupaka, maana kosa ambalo jicho limelizoea hujitokeza kwenye kioo. Akaegemeza kijitabu kwenye kikombe, akasimamisha kioo mbele yake. Ndani ya kioo akatokea askari wa Glenys, kila kunjo la suruali, kila mkanda.

"Kioo hugeuza kila kitu," Clive alisema. "Hakituambii upande upi ndio wa kweli."

Na hapo alisema kweli. Glenys aliitambua hiyo kweli, ikamuuma zaidi ya makosa yote ya Clive. Akasimama akihema. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, mbele ya watu wote, akaiinua sanamu ya Clive.

Mzee Idris, aliyetengeneza sanamu kabla wengi wao hawajazaliwa, aliweka kikombe chini.

"Irudishe," Clive alisema.

"Tulinunua boksi la vipande la aina moja, mimi na wewe. Kwenye bunduki ya boksi tundu la kutemea maganda liko kulia. Hapa liko kushoto. Nani kalihamisha?"

"Mimi. Nililiziba nikatoboa jingine. Kazi ya siku nne. Picha inaonyesha kushoto, nikafuata picha."

"Siku nne," Glenys alisema. "Umetengeneza bunduki ambayo hakuna kiwanda duniani kimewahi kuitengeneza. Na hukujiuliza."

Mzee Idris alianza kucheka chini chini, akakohoa, akashindwa, akacheka wazi. "Clive, ndugu yangu, ungemkuta farasi amechapishwa kitabuni kichwa chini ungempaka rangi hivyohivyo."

Clive alikitazama kijitabu. Akamtazama askari wake mkononi mwa mama yule. Akafungua kinywa kusema kwamba pengine walikuwepo askari wengine, pengine kulikuwa na bunduki za majaribio, na hakika alianza kulisema hilo la majaribio.

Ndipo Rhodri alipoweka mkate chini. Fagio la ukumbi lilikuwa limeegemea mlango wa jikoni. Alilichukua kwa mkono wa kushoto, mkono wake wa kuzaliwa, likahamia wa kulia bila yeye kulitazama, mpini ukakaa begani, shavu likalala juu yake, kiwiko kikaingia ndani. Halikuteleza. Alikaa hivyo muda wa pumzi mbili, usoni hana kitu. Kisha akalirudisha mlangoni na kuchukua mkate wake.

Hakuna aliyepiga makofi. Clive alitoa mfukoni ufunguo wa kabati la maktaba, aliokabidhiwa kama mwenyekiti, akauweka mezani karibu na mkono wa Glenys.

"Tungeweza kuziweka zote mbili," alisema. "Bega kwa bega."

"Hapana."

"Samahani basi, Glenys."

"Nimesikia," alisema, wala hakusema amesamehe, kwa kuwa hakuwa amesamehe. Alimrudishia sanamu yake, akaisimamisha pale pale ilipokuwa, kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoichukua.

Anwen aliingia saa kumi kamili, mwavuli unachuruzika, na sanduku lenye sufi ndani. Aliisifia sanamu ya Glenys, akaigeuza kidogo. "Nitamweka uso wake uwatazame wasomaji," alisema. "Ndivyo inavyopendeza."

"Usithubutu," Glenys alisema. "Mwelekeze nje, upande wa barabara. Huko ndiko alikokuwa anatazama."