Tuligawana nyimbo nusu kwa nusu na Ndahani, mpaka leo naimba mistari yangu tu

Wakuu, habari za Ijumaa.

Nipo ofisini Mtumba, bosi katoka, nikaona nilitoe hili. Ni la kweli tupu, na anayeaibika humu ni mimi mwenyewe.

Nimekulia kijijini Zuzu. Kidato cha pili rafiki yangu alikuwa Ndahani, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani kwao. Kwao kulikuwa na redio. Betri zikichoka tunazianika juani, zinapata nguvu ya kipindi kimoja cha bongo fleva.

Enzi zile maneno ya wimbo unayaandika mwenyewe kwenye daftari. Sasa wimbo unakimbia, mkono hauwezi.

Tukagawana. Mstari wa kwanza wangu, wa pili wake, wa tatu wangu, hivyo hivyo. Kila mtu na daftari lake, tunaunganisha kwa kuimba. Kunakiliana hatukuwahi, uvivu tu.

Hapo ndipo sikio langu lilipoharibika. Mpaka leo wimbo wa mtu anayelalamika peke yake haunishiki kabisa. Nataka mmoja aimbe, mwingine ajibu.

Basi nikampenda binti wa darasani kwetu. Nikamwandikia barua, nikaweka mistari yangu ya wimbo mmoja wa mapenzi (jina silitaji, mtanicheka), nikasaini kama nimetunga mimi.

Binti hakuelewa kitu, maneno yanarukaruka. Akampelekea Ndahani amfafanulie.

Ndahani akachukua kalamu nyekundu, akajaza mistari iliyokosekana. Yote aliyokuwa nayo!

Barua ikaangukia mikononi mwa wenzetu, ikasomwa darasani, darasa zima likaimba kiitikio. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwita msaliti mbele za watu, nikaacha kwenda kwao. Mwaka uliofuata familia yao ikahama na sikumuaga. Hilo limeniuma miaka yote.

Tangu hapo wimbo wowote wa enzi zile ukipigwa naimba mstari wangu, nanyamaza, naimba, nanyamaza. Mke wangu alidhani ni pumzi. Mistari ile mingine naona si yangu.

Mwezi uliopita nipo kwenye send-off Chamwino, dijei akaupiga wimbo wa barua. Nikaimba mstari wa kwanza, nikanyamaza.

Meza ya nyuma mtu akaimba wa pili.

Sikugeuka. Nikaimba wa tatu, akajibu wa nne, tukaenda hivyo mpaka mstari wa mwisho. Hapo sote wawili kimya. Enzi zile redioni mtangazaji alikuwa anaanza salamu palepale kila siku, hakuna aliyewahi kuupata. Na dijei naye akaukata palepale.

Nikamfuata. "Ndahani, nisamehe kwa yale ya kidato cha pili."

Akashangaa. "Yapi? Ile barua? Si nilijua mistari mingine huna, nikakujazia usiaibike!"

Wakuu, miaka yote hiyo nimemnunia mtu aliyekuwa ananisaidia. Kabla hujamnunia mtu, muulize kwanza.

Haya, na nyinyi nyimbo za ujana wenu mlizipataje, na mliimba na nani? Mwageni hapa.

Ila mkiuotea huo wimbo, mstari wa mwisho msiuandike. Najua mtandaoni upo. Ndahani hanao na mimi sinao, na safari hii tunataka tuusikie pamoja.