Mafungu Mawili ya Kauri

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nyaishozi, Bwana Mkusanyaji alinikabidhi mswaki na bakuli la maji ya sabuni. Alikuwa akikusanya vitu vya kale kwa ajili ya makumbusho, nami nilikuwa mkalimani wake. "Osha kwanza, uliza baadaye," aliniambia.

Tulichoosha zaidi ni kauri, magamba ya konokono wa baharini. Nyumbani twaziita ensimbi. Zilifika Karagwe migongoni mwa wapagazi. Bwana alinifundisha aina mbili: moja ina nundu ubavuni, nyingine ni laini na ina pete ya rangi ya chungwa mgongoni. Lakini wazee wetu walikata mgongo ili wapitishe uzi, na pete ikaenda nao. Basi tulizitambua kwa ubavu.

Tulipohamia Nyabiyonza, nafasi ya Bwana Mkusanyaji ilishikwa na Bwana Msaidizi, mtu mwepesi wa mikono. Huko, mjane aitwaye Bibi Koku alituazima uzi wake wa kauri tuuchore. Kila mke aliyeolewa katika familia ile alikuwa ameongeza kauri yake mwishoni. Bibi alizipapasa kwa mpangilio huo huku akitaja majina.

"Huyu mama mkwe wangu," aliniambia. "Mguse taratibu, anang'ata."

Jumapili ile mke wa mjukuu wake angeongeza yake na kufundishwa majina yote.

Jioni nilirudi kutoka kwa mkungu, kiongozi wa kijiji, nilikotumwa. Bwana Msaidizi alikuwa ameukata uzi. Kauri zilikaa mezani katika mafungu mawili: zenye nundu kushoto, laini kulia. Bibi Koku alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

Alikuwa akiyatazama mafungu.

"Mwambie anazo aina zote mbili!" Bwana alisema kwa furaha.

Nikatafsiri. Bibi akasema, "Mwulize, mama mkwe wangu yuko fungu lipi?"

"Ana nundu au ni laini?" Bwana aliuliza.

Bibi alizipapasa moja moja. Aliitambua yake tu, aliyoikata mgongo kwa mkono wake. Akaifunga pembeni mwa kanga.

"Hao wengine, mwanangu, sasa ni konokono. Bakini nao."

Nimestaafu nikizijua kauri kwa kuzigusa tu. Kwa miaka mingi nilirudi kwenye mafungu yale kule makumbusho, nikitafuta hata moja iliyowekwa pasipo pake. Sikuipata. Bwana alikuwa amezipanga sawasawa.